Kupaka rangi Datsun 240Z ya Safari Rally: gari la plastiki la sentimita 17

Mimi ni fundi rangi wa magari, hapa Mombasa. Siku za kazi napuliza Probox na matatu. Magari ya plastiki ni ya Jumapili. Watu wakiyaona kabatini husema, "Wewe si ni kazi yako, kwako rahisi." Ni kweli mkono umeshazoea bunduki ya rangi, lakini kuna jambo moja ambalo gereji haikufundishi, na ndilo nataka ulishike kabla hujagusa kopo. Jambo lenyewe ni unene.

Rangi ya gari la kweli, kuanzia praima (rangi ya msingi) mpaka klia (rangi angavu ya juu), kwa kawaida ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukilipaka gari la kipimo cha 1/24, yaani dogo mara 24 kuliko la kweli, unene huohuo, ni sawa na kulivalisha gari la kweli rangi ya milimita 2.4. Mistari ya milango inazibika, maandishi yaliyochongwa yanapotea, kingo zinalala, na bodi inaonekana imemwagiwa uji. Karibu kila ninachokueleza hapa chini kinatokana na hesabu hiyo.

Mfano wetu ni Datsun 240Z iliyoshinda East African Safari mwaka 1971, dereva Edgar Herrmann, msomaji ramani Hans Schüller. Waliofuata nyuma yao, Shekhar Mehta na Mike Doughty, nao walikuwa na 240Z, na mwaka 1973 Mehta akaja kushinda yeye mwenyewe kwa gari la aina hiyohiyo. Kampuni ya Hasegawa ya Japani ilitoa seti (vipande vya plastiki vya kuunganisha mwenyewe) ya gari la 1971 kwa kipimo cha 1/24. Mzee yeyote wa rika la baba yangu akiiona haulizi ni gari gani. Nami naipenda kwa kufundishia, maana ina kila kitu juu ya bodi moja: nyekundu inayong'aa, boneti nyeusi isiyong'aa, stika za mashindano, na mwishoni vumbi ukitaka.

Kwanza vifaa, kwa sababu hapa ndipo wengi hukwama. Seti unaweza kuagiza, au ukamtuma ndugu anayerudi safari. Rangi za makopo ya kupuliza usimtume: ndege hazikubali makopo ya gesi yenye rangi inayoshika moto, yataishia uwanjani. Mwambie alete seti, msasa laini sana, dawa za stika na tepu nyembamba. Makopo ya aina ya TS ya Tamiya, kampuni ya rangi za magari haya ya plastiki, ukiyapata kwa njia halali, chukua TS-8 kwa nyekundu na TS-13 kwa klia. Usipoyapata, nenda dukani kunakouzwa rangi za magari, wakuchanganyie nyekundu kwenye kichupa kidogo. Utahitaji kompresa ndogo na bunduki ya kuchorea, ile ndogo inayoshikwa kama kalamu.

Sasa sikiliza. Rangi ya duko, yaani hiyo ya magari, na thina yake ni kali. Thina ya gereji inayeyusha plastiki ya seti hizi; weka tone moja juu ya fremu inayoshikilia vipande, subiri dakika, utaona uso umekunjamana na kupauka. Hiyo haina maana kwamba duko haifai. Maana yake ni kwamba lazima kuwe na praima katikati, na mikono ya kwanza (kila tabaka unalopuliza ni mkono mmoja) iwe mikavu, vumbi tupu, ili thina iwe imeruka hewani kabla haijapata nafasi ya kula. Kila rangi mpya ijaribie kwenye fremu kwanza. Fremu ni takataka, hutaililia.

Bodi yenyewe haiji tayari. Ukiishika dhidi ya mwanga utaona mstari mwembamba unaokimbia juu ya mabega ya magurudumu na kushuka kwenye nguzo za paa. Ni mshono wa kalibu, pale vipande vya chuma vilipokutana plastiki ikimiminwa. Kwenye plastiki nyeupe hauonekani vizuri, lakini ukishapata nyekundu ya kung'aa utaonekana toka mlangoni. Uondoe kwa msasa wa maji namba 600, kisha 1000, ukisugua kwa kufuata mviringo wa bodi. Usikandamize mahali pamoja ukaacha bapa. Kucha ndiyo kipimo changu: ipitishe kuvuka mshono, ikikwama popote, bado.

Kisha chukua kisu chenye ncha, kigeuze, na kwa mgongo wa ncha pita taratibu ndani ya mistari ya milango, boneti na mlango wa nyuma. Mara mbili tatu, bila nguvu. Unatoa unyuzi mwembamba wa plastiki, na mstari unazidi kina. Ni wazi kwa nini: praima, rangi na klia vyote vitaingia humo, na usipoongeza kina sasa, mlango utakuwa umechorwa tu wala haufunguki hata kwa macho. Wengi huiruka hatua hii kwa hamu ya kuona rangi. Mimi nikiambiwa nichague kati ya rangi ya bei ghali na mistari iliyochimbwa vizuri, nachukua mistari.

Osha bodi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, ukisugua kwa mswaki wa zamani. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na msasa umeacha unga ndani ya mistari. Ikikauka usiishike tena kwa vidole vitupu. Bandika tepu ya pande mbili ndani ya paa, ishikishe juu ya chupa, na kuanzia hapo unashika chupa.

Praima ya kijivu ndiyo iliyozoeleka, lakini chini ya nyekundu kijivu inaua. Nyekundu nyingi hazifuniki vizuri. Mwanga unapita, unagonga kilicho chini, unarudi. Chini kukiwa kijivu, nyekundu inakuwa ya damu iliyolala, na utaongeza mikono ukidhani rangi haijatosha, na huo ndio unene tunaoukimbia. Piga praima ya kijivu kidogo tu kuona makosa ya msasa, sawazisha kwa namba 1000 au 1500 yenye maji, halafu malizia na nyeupe au ya waridi. Ya waridi inaipa nyekundu joto, na mikono ya rangi inapungua.

Kuhusu hali ya hewa, maelekezo ya Wajapani yatakwambia utie kopo kwenye maji ya vuguvugu ili gesi ipate nguvu. Kwa Mombasa ushauri huo ni wa kwao, kopo letu ni vuguvugu tangu dukani. Shida yetu ni unyevu. Thina inaporuka haraka inapoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unaganda juu yake, na rangi inaota ukungu mweupe mbele ya macho yako. Kwenye nyeusi na kwenye klia ndiyo huonekana zaidi. Basi msimu wa masika, na siku mvua imetoka kunyesha, acha. Subiri siku kavu yenye jua, upulize mchana ukiwa ndani ya kivuli. Ukungu ukitokea usihangaike kusugua. Mara nyingi mkono mwembamba wa thina inayoruka polepole, siku kavu, huurudisha wazi. Na usipulize usiku chini ya taa. Mbu na vidudu vya mwangani wanapenda rangi mbichi kuliko ngozi yako.

Lowesha sakafu kwanza ili vumbi litulie, vua shati la pamba linalotoa nyuzi, na uwe na kasha safi la kufunikia bodi ikikauka. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke. Ya kitambaa au ya karatasi haizuii mvuke. Na kama unafikiria kutumia klia ya gereji yenye hadina, dawa ya kuigandisha, jua kwamba hadina ile ina kemikali ya aisosayaneti, na mapafu yakishazoea kuichukia hayasahau. Inang'aa vizuri mno, sikatai, na haigombani na stika, lakini mimi nyumbani siipulizi. Watoto wanalala chumba cha pili.

Kupuliza kwenyewe ni mwendo. Anza nje ya bodi, pita juu yake, malizia nje ya bodi. Umbali uwe kati ya sentimita 20 na 25 kwa kopo. Kwa bunduki ndogo, sogea mpaka kama 10. Mkono wa kwanza ni vumbi, ukiiona nyekundu imetosha umeshazidisha: praima bado ionekane kotekote. Ngoja kama dakika kumi na tano. Mkono wa pili vilevile, ukianza na sehemu zilizojificha, ndani ya vizingo vya madirisha, chini ya bampa, kingo za mabega ya magurudumu. Sehemu hizi ukiziacha mwisho utalazimika kurudia bodi nzima. Mkono wa tatu ndio wa kulowesha. Utazame uso kwa pembeni, taa ikiwa mbele yako: utaona rangi inakuja ikiwa na vijivimbe, kisha ghafla inanyooka na taa inajichora ndani yake. Hapo hapo sogea. Ukibaki nusu sekunde zaidi inaanza kutiririka chini ya mstari wa dirisha la nyuma, mahali ambapo 240Z ina mteremko mrefu na rangi hupenda kujikusanya. Mkono wa nne kama huuhitaji usiuweke.

Iache. Rangi ya aina hii inakauka kwa kidole ndani ya saa moja, lakini ndani bado mbichi. Weka pua karibu na bodi: ikinuka rangi, haijakauka. Hiyo ndiyo kalenda yangu. Wiki moja ni kawaida, na kwenye unyevu wetu huwa zaidi. Wakati huo fanya vingine.

Vingine vyenyewe ni hivi. Vipande vya kromu vinavyokuja kwenye seti vinang'aa kupita kiasi na vina kovu pale vilipokatwa kwenye fremu. Vitumbukize kwenye Jik. Kromu inayeyuka yote na kubaki plastiki unayoweza kusawazisha. Vioshe vizuri, vipake nyeusi ya kung'aa, kisha rangi ya kromu juu yake. Tairi zipitishie msasa pale zinapogusa ardhi, maana hakuna tairi ya Safari iliyokuwa na ngozi laini. Dashibodi na viti usivipake nyeusi tupu. Nyeusi tupu kwenye kitu kidogo inameza kila umbo. Ongeza kijivu kidogo, au tumia rangi ya Tamiya ya mpira, XF-85, na umbo litarudi. Taa za nyuma paka fedha kwa ndani kwanza, halafu nyekundu angavu, X-27, na X-26 kwa kiashiria cha machungwa. Haya ni mambo ya brashi na subira, sina zaidi ya kusema.

Turudi kwenye bodi. Watu hutaka kupaka boneti nyeusi mara nyekundu ikishakauka. Ngoja. Klia ya kung'aa inatakiwa juu ya nyekundu na stika, lakini boneti inatakiwa ising'ae. Ilipakwa hivyo ili jua lisimpige dereva machoni. Ukitanguliza nyeusi, klia itaiharibu au utajisumbua kuiziba. Mpangilio wangu ni nyekundu, stika za ubavuni, klia, kung'arisha, na boneti mwisho kabisa. Kama seti yako ina stika zinazokaa juu ya boneti, zitenge mpaka hapo.

Stika hizi ni za maji. Seti ikiwa ya zamani karatasi huwa imegeuka njano; itie kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, ibandike dirishani upande wa jua siku kadhaa, njano itapungua sana. Kata kila stika karibu na wino. Tumbukiza kwenye maji ya vuguvugu, itoe, iache juu ya kitambaa mpaka iteleze yenyewe. Usiisukume kabla haijataka. Kabla hujaiweka, lowesha bodi kwa Micro Set, dawa ya kuandaa mahali pa stika. Itelezeshe mahali pake, ivute kwa brashi yenye maji, kisha ikandamize kwa kipande cha sponji kutoka katikati kwenda nje.

Duara la namba 11 mlangoni ndilo gumu, maana lina upana na mlango una mstari. Likishatulia, weka Micro Sol juu yake uondoke. Litakunjamana kama limeharibika. Usiliguse. Dawa inailainisha ngozi ya stika mpaka inakuwa haina ubishi, halafu ikikauka inajivuta na kulala ndani ya kila umbo. Inapovuka mstari wa mlango, pitisha wembe mpya humo, tone jingine la Micro Sol, na nyeupe itashuka ndani ya mstari kama iliyopakwa kwa rangi. Kabla ya klia, futa mabaki ya gundi na dawa kwa kitambaa chenye maji. Doa lolote utakaloacha litafungiwa ndani milele.

TS-13 ni klia nzuri yenye tabia mbaya: ikija nyingi na mbichi inakula stika. Kwa hiyo mikono miwili ya kwanza iwe vumbi kavu, na kila mmoja ukauke. Ikishajenga ukuta ndipo uloweshe, mara moja, mara mbili mwisho. Kisha subiri tena, mpaka pua ikubali.

Kung'arisha, mazoea ya gereji yaweke kando kabisa. Hakuna mashine. Kampaundi ya gari la kweli ya kuanzia ni kali mno, itafika kwenye plastiki kabla hujaona mng'ao. Msasa wa 2000 au 3000 wenye maji na tone la sabuni, kwa kidole kimoja, na tu pale penye vijivimbe au vumbi. Kisha kampaundi laini ya seti za plastiki kwa kitambaa cha pamba, kwa miduara midogo. Kaa mbali na kingo. Mgongo wa mabega ya magurudumu, ukingo wa milango, mdomo wa boneti: rangi hapo ni nyembamba kwa asili, ilikimbia ikiwa mbichi, na misuguo michache inatosha kukuonyesha praima. Mimi huzifunika kingo kwa tepu nyembamba nikifanya kazi katikati, na tepu ikishatoka nazigusa mara moja tu.

Sasa boneti. Tepu iliyokaa dukani ina ukingo uliochakaa. Ibandike juu ya kioo, kata ukingo mpya kwa wembe na rula, halafu ndiyo uitumie. Fuata mstari wa boneti, bana tepu ndani ya mstari kwa kijiti cha meno, na funika bodi yote iliyobaki kwa karatasi, ndani na nje. Vumbi la rangi hupenya kwenye tundu la kioo cha mbele na kutua ndani ya paa. Kabla ya nyeusi, puliza klia kidogo juu ya ukingo wa tepu. Kama kuna tundu, klia ndiyo itakayojaza, na nyeusi haitapata njia. Nyeusi ipulize kavu, mikono miwili. Toa tepu siku hiyohiyo, ukiivuta kwa kuikunja juu yake yenyewe, taratibu.

Mistari ya milango ukitaka isome vizuri, tumia wino mwembamba wa kahawia iliyokolea. Usitumie nyeusi, juu ya nyekundu nyeusi inaonekana imechorwa na mtoto. Mpira unaozunguka madirisha upake XF-85, na urembo wa kromu ufunike kwa Bare-Metal Foil, karatasi nyembamba ya metali: bandika, kandamiza kwa kijiti, kata kwa wembe mpya, vuta ziada. Vioo vya madirisha visishikishwe kwa gundi ya haraka, mvuke wake unaviota ukungu usiotoka. Gundi nyeupe ya seremala inatosha, nayo ikikauka inakuwa wazi.

Vumbi ni hiari, na tunagombana sana juu yake. Mimi naona gari la Safari lililo safi ni gari ambalo halijaondoka. Lakini chagua gari lilikotoka: siku hizo mashindano yalipita Kenya, Uganda na Tanzania, wakati wa Pasaka, na udongo haufanani. Wa Voi na Tsavo ni mwekundu, na juu ya gari jekundu unapotea, hivyo uchanganye na rangi ya mchanga kidogo. Wa bonde la Naivasha ni vumbi la volkano, jepesi na la kijivu. Udongo mweusi wa mfinyanzi hukaa chini na kugandamana nyuma ya magurudumu. Udongo wa kweli, hata ukiuchekecha kwa soksi ya nailoni, una chembe kubwa mno: chembe ya nusu milimita ni jiwe la milimita 12 kwa kipimo chetu. Chaki za rangi za kuchorea ukizisaga kwenye msasa zinatoa unga laini zaidi. Uchanganye na spiriti kidogo, upake kwa brashi kutoka chini kwenda nyuma, kufuata magurudumu yanavyotupa. Ukikauka, ondoa unaozidi kwa pamba yenye unyevu.

Kwa kioo cha mbele, kata tepu kwa umbo la nusu duara mbili zinazolingana na vifagio vyake, zibandike, puliza vumbi kidogo juu yote, kisha zibandue kabla hujaweka vifagio. Vifagio, vioo vya pembeni na antena vyote viingie baada ya hapo. Ukivitanguliza utavivunja ukiwa unashika bodi. Na gari likishakamilika usiliweke juu ya dashibodi ya gari lako kuwaonyesha watu. Plastiki hii inalegea kwenye joto, na gari lililofungwa vioo kwenye jua la Mombasa litakukunjia paa kabla ya adhuhuri.